Misokoto Ambayo Sikuichonga

Tufe la kwanza lilinishinda usiku wa saa tano, vigae kumi na vitatu vikiwa bado viko ubaoni.

Nia yangu ilikuwa rahisi. Nilitaka tufe la udongo lililofunikwa kwa pembesita tupu, mfano wa sega la nyuki lililojikunja likawa mpira. Nilisukuma udongo mpaka ukawa bapa, unene wa kidole cha mwisho, nikakata vigae kwa kiolezo cha bati, pande zote sita sawasawa, nikaviacha vikauke nusu ili visinipindie mkononi. Kisha nikaanza kuviunga juu ya tufe la plasta, kimoja baada ya kingine, nikipaka uji wa udongo kwenye maungio. Vigae saba vya kwanza vilikaa vizuri: kimoja katikati, sita vikikizunguka. Safu iliyofuata ikaanza ubishi. Nikibana upande huu, upande ule unapanda juu ya jirani yake. Nikapunguza ncha hapa, nikavuta pale. Nilipofika nusu ya tufe nilikuwa nakata vipande visivyo na jina, na ule uso niliotaka utulie kama sega ulikuwa umejaa viraka.

Nilirudia mara tatu. Nilipunguza ukubwa wa vigae, nikabadili udongo, nikafanya kazi polepole zaidi, kwa sababu niliamini kwamba mikono yangu ndiyo yenye kosa. Tufe la tatu nilimpelekea mzee aliyenifundisha kuchonga. Aligeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba penye kiraka kibaya kuliko vyote.

"Mwanangu, umehesabu pembe za kona moja?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hesabu kwanza, halafu ndiyo ukande udongo."

Nikahesabu. Pembe ya pembesita ni nyuzi 120. Zikikutana tatu kwenye kona moja jumla yake ni 360, yaani duara zima. Hapo hakuna upungufu wowote wa kuufanya uso ukunjike, na kona hiyo italala bapa kama meza. Unga pembesita mia, unga elfu, utapata sakafu. Ili uso ujifunge, lazima kona zipungukiwe na kitu, na kiasi cha upungufu huo kinajulikana tangu karne ya 17, alipokipata Descartes, mwanahisabati wa Ufaransa: ukijumlisha upungufu wa kona zote za umbo la pande bapa lililojifunga bila tundu katikati, unapata nyuzi 720. Siku zote. Chukua mchemraba. Kila kona inakutanisha miraba mitatu, nyuzi 270, kwa hiyo imepungukiwa na 90, kona ni nane, 720. Chukua piramidi ya pembetatu nne zilizo sawa. Kila kona ina nyuzi 180, imepungukiwa na 180, kona ni nne, 720. Chukua ule mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, wa vipande vyeusi na vyeupe. Kila kona ina pembetano moja ya nyuzi 108 na pembesita mbili za 120, jumla 348, upungufu 12. Kona ziko 60. Zidisha mwenyewe.

Nilikaa na hesabu ile kwa muda mrefu. Ilikuwa inaniambia kwamba kazi niliyoing'ang'ania kwa wiki tatu haikuwezekana kwa mkono wa mtu yeyote, na papo hapo ilikuwa inanionyesha njia. Mpira ule una pembesita 20 na pembetano 12. Ukitaka mpira mkubwa zaidi ongeza pembesita utakavyo, mia mbili au milioni, lakini mradi kila kona inakutanisha maumbo matatu, pembetano zitabaki kumi na mbili tu. Hazipungui wala haziongezeki.

Na maumbile yanaitii hesabu hiyo kila mahali. Mwaka 1985 wanakemia waligundua molekuli ya kaboni yenye atomi 60 iliyojipanga kama mpira ule ule. Magamba ya virusi vingi, vidogo mno kuonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya mwanga, yana vituo kumi na viwili ambapo protini zinajipanga tano tano, na kwingine kote zinajipanga sita sita. Halafu wapo radiolaria, viumbe wa baharini wa seli moja wenye mifupa ya kioo. Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Ujerumani, alichora mmoja wao ambaye kwa jicho la haraka ni tufe la pembesita tupu, nakshi ya kuvutia sana. Baadaye D'Arcy Thompson, mwanabiolojia wa Uskoti, alieleza kwamba haiwezekani. Lazima ndani ya wavu ule kuna maumbo mengine. Ukitazama kwa makini unayakuta. Ndilo tufe langu, limetengenezwa na kiumbe asiye na macho wala mikono, na yeye hakukosea.

Nilianza upya na pembetano kumi na mbili. Niliziweka kwanza, nikazigawa sawa juu ya tufe, kisha nikajaza pembesita katikati yao. Kigae cha mwisho kiliingia mahali pake bila kupunguzwa hata ukingo mmoja.

Toka hapo nimebadilika namna ya kuangalia vitu. Zamani nilikuwa naokota umbo. Naona gamba la konokono, nalipenda, nalichora, nalichonga. Sanamu zile zinafanana na vitu vyenyewe, na watu huzisifu, lakini mimi nikizishika naona zimekufa. Siku hizi swali langu la kwanza ni hili: umbo hili lilifikaje hapa? Lilianzia wapi, likaongezwa nini, kwa mpangilio gani? Nikishapata jibu, naufuata mpangilio huo kwa udongo au mti au waya, na umbo naliacha lije lenyewe.

Kuna kisa kimoja ambacho mchongaji yeyote anapaswa kukijua. Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel, alipenda msokoto wa aina moja kuliko mistari yote aliyoifahamu: ule unaokua kwa uwiano, kila mzunguko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia kwa kiasi kilekile cha kuzidisha. Ukiukuza au kuupunguza, unabaki uleule. Alitaka uchongwe kwenye kaburi lake, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya "nikibadilika, nafufuka nikiwa yuleyule". Alifariki mwaka 1705. Mchongaji akachonga maneno, kisha akachonga msokoto. Lakini alichonga msokoto mwingine, ule wa kamba iliyokunjwa sakafuni, ambao nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haibadiliki. Jiwe hilo lipo hadi leo.

Namfikiria sana mtu yule. Patasi yake ilikuwa nzuri, mistari imetulia. Bila shaka aliambiwa achonge msokoto, akachonga msokoto. Ninavyodhani, hakuna aliyemwambia unavyokua.

Konokono angemwambia. Gamba la konokono hukua mdomoni tu. Sehemu iliyokwisha kujengwa haiguswi tena; mnyama anaongeza ukingo mpya, mpana kidogo kuliko wa jana, kwa sababu yeye mwenyewe amenenepa kidogo. Nami nikajenga hivyo hivyo. Niligawa kila mzunguko vipande kumi na viwili vya udongo, nikaamua kwamba mzunguko mzima ukue mara tatu. Kwa hiyo kila kipande lazima kizidi kilichotangulia kwa takribani asilimia 9.6. Nilianza na mdomo wa sentimita moja. Baada ya vipande 12 ulikuwa sentimita 3, baada ya 24 ukawa 9, baada ya 36 ukafika 27, na gamba likawa halibebeki kwa mkono mmoja. Sikuchora msokoto popote. Nilichokuwa nacho ni karatasi yenye orodha ya vipimo 36, na kila kipande kiliungwa kwenye mdomo wa mwenzake. Nilipotoka nje na kurudi nilikuta konokono mezani.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Husemwa mno kwamba gamba la nautilasi, mnyama wa baharini mwenye gamba la msokoto, limejengwa kwa ule uitwao uwiano wa dhahabu, yaani karibu 1.618 kwa 1. Si kweli. Msokoto wa dhahabu hukua karibu mara 6.9 kwa mzunguko mmoja, nautilasi hukua karibu mara tatu. Tofauti hiyo utaiona hata kwa rula. Nautilasi ni mzuri kwa hesabu yake mwenyewe, na anayemvisha hesabu ya mwingine hajamtazama.

Uwiano wa dhahabu upo kweli katika maumbile, lakini nenda ukautafute kwenye alizeti.

Kazi ya alizeti ilinichukua mwaka mzima na bado naiona kuwa bora kuliko zote nilizofanya. Ilianza kwa kulitazama ua lenyewe, lile bamba la mbegu katikati. Macho yanaona misokoto inayokwenda kulia na mingine inayokwenda kushoto, na mchongaji wa zamani ndani yangu akataka kuichora mara moja kwa chaki. Nikajizuia, nikauliza: mbegu zilifikaje hapa? Jibu lake ni fupi. Kila kichipukizi kipya huota karibu na kitovu, kikiwa kimegeuka nyuzi kama 137.5 kutoka kwa kilichokitangulia, na vya zamani husogea nje kumpisha mgeni. Basi. Mmea hauna ramani ya misokoto.

Kwa nini pembe hiyo? Jaribu nyingine. Ukigeuka nyuzi 120 kila mara, mbegu zote zitasimama kwenye mistari mitatu na kati yake pabaki uwanja mtupu. Ukigeuka 90, mistari minne. Kila pembe ambayo ni sehemu nyepesi ya duara inarudi kwenye nyayo zake mapema. Hii ya 137.5, iitwayo pembe ya dhahabu kwa sababu inaligawa duara kwa uwiano ule wa dhahabu, ndiyo inayochelewa kuliko zote kukaribia kurudia, kwa hiyo kila mbegu mpya inaangukia mahali ambapo waliotangulia wameacha nafasi. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ufaransa, Douady na Couder, waliipata bila mmea wowote: walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku katikati ya sahani ya mafuta, matone yakawa yanasukumana, kila jipya likikimbilia penye nafasi. Walipoharakisha matone, pembe kati ya tone na tone ikatulia karibu na nyuzi 137.5.

Nilichukua bamba la mti lenye nusukipenyo cha sentimita 30, nikakusudia kupachika vigingi 400. Umbali wa kila kigingi kutoka katikati niliupata kwa kanuni aliyoiandika Helmut Vogel mwaka 1979: chukua kipeuo cha pili cha namba ya kigingi, zidisha kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Mimi nilitumia sentimita 1.5. Kigingi cha 100 kinakaa sentimita 15 kutoka kitovu, cha 400 kinakaa sentimita 30, ukingoni kabisa. Kwa njia hii kila kigingi kinapata eneo sawa na mwenzake, aliye ndani na aliye nje.

Pembe nilipima kwa kipimapembe cha kawaida, kila kigingi kutoka kwa kilichotangulia. Alama za nusu zilikuwa hazisomeki vizuri, nikaona nusu nyuzi si kitu. Nikaweka 137.

Vigingi hamsini vya kwanza vilikuwa vizuri. Mia moja, vizuri bado. Karibu na mia mbili nikaanza kuhisi jambo chini ya kiganja kabla sijaliona: upande mmoja mkono unateleza, upande wa pili unakwama. Nilipomaliza nikalisimamisha bamba ukutani, nikarudi nyuma hatua tano. Mikono 21 ilikuwa imejitokeza kama mapanga ya feni. Ndani ya kila mkono vigingi vimebanana, kati ya mkono na mkono mfereji mtupu. Ile misokoto ya upande wa pili haikuonekana tena. Nusu nyuzi niliyoidharau ilikuwa imejirudia mara mia nne.

Sikulitupa bamba lile. Liko ukutani mpaka leo, na ninapoanza kazi mpya hulitazama.

Bamba la pili nilibadili njia ya kupima. Kosa kubwa lilikuwa kupima kutoka kwa jirani, maana kila kosa la jirani linakuwa la kwako na unamrithisha anayefuata. Nikachora mstari mmoja wa sifuri kutoka kitovu hadi ukingo, na kila kigingi nikakipima kutoka hapo. Zidisha namba ya kigingi kwa 137.508, ondoa duara zima mara nyingi kadiri inavyowezekana, kilichobaki ndiyo pembe yako. Kigingi cha kwanza, nyuzi 137.5. Cha pili, 275. Cha tatu, 52.5. Cha mia moja, 70.8. Hapo mkono ukitetereka kwenye kigingi cha 60, kosa linabaki kwa 60 peke yake. Nilitengeneza mkono wa bati unaozunguka kwenye msumari wa kitovu, wenye vipimo vya umbali juu yake, nikawa natoboa tundu moja, nazungusha, natoboa tena. Kazi hii inachosha kwa namna ya pekee, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana. Tundu moja liko kaskazini, linalofuata liko kusini magharibi, lingine mashariki. Unatoboa kama mtu anayerusha mbegu huku amefumba macho.

Siku ya vigingi vya mwisho alikuwepo mpwa wangu, ana miaka tisa. Alikuwa ananipa vigingi kutoka kwenye kopo. Tulipomaliza nililiinamisha bamba upande wa dirisha ili mwanga uingie kwa mshazari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mjomba, inazunguka huku na huku."

Nikampa chaki, nikamwambia ahesabu ukingoni. Alihesabu ile inayokwenda upande mmoja, akiweka nukta kwenye kila msokoto ili asirudie: 34. Akahesabu ya upande wa pili, akakosea, akafuta, akaanza tena: 55. Nikamwomba ahesabu karibu na katikati. 13, na 21. Akauliza kama namba hizo nilizichagua mimi. Nikamwonyesha kwamba 13 na 21 ni 34, na 21 na 34 ni 55, nikamwambia sikuchagua hata moja. Nilichagua pembe tu. Sidhani kama aliniamini, na sikumlaumu, kwani mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na chaki mkononi nikihesabu upya nyuma yake.

Wapo waliofanya jambo hili kwa ukubwa ambao mimi siuwezi. Peter Randall-Page alichonga jiwe la matale kwa umbo la mbegu, lenye uzito wa takribani tani 70, likawekwa mwaka 2007 kwenye bustani za Eden Project huko Uingereza, na uso wake umejaa vinundu vilivyojipanga kwa mtindo huu huu. Nikifikiria kupima pembe juu ya jiwe kama hilo, ambalo halikubali kurudishwa nyuma, mikono yangu inaingia baridi.

Mapovu ya sabuni nitayapitia haraka, ingawa mwanafunzi wa uchongaji hana mwalimu wa bei nafuu kuliko hao. Kunja waya uwe fremu ya mchemraba, uchovye kwenye maji ya sabuni, utoe taratibu. Ngozi za sabuni hazifuniki pande sita kama unavyotarajia. Zinakimbilia ndani, na katikati ya hewa kinaning'inia kijimraba kidogo. Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji aliyekuwa kipofu kwa miaka mingi, alitoa kanuni zake mwaka 1873: ngozi hukutana tatu tatu, kwa nyuzi 120, na kingo hukutana nne nne, kwa nyuzi karibu 109.5. Nimewahi kunakili kijimraba kile kwa mti, viungo vyote kwa pembe hizo. Kila anayekishika hukizungusha akitafuta upande wa kukiweka chini.

Kazi niliyo nayo sasa ilianza kwa uzembe. Niliacha beseni la udongo mwembamba wazi, ukakauka, ukapasuka. Nikaanza kuichunguza mipasuko. Ufa wa kwanza hukatiza upande mmoja hadi mwingine, na ufa unaozaliwa baadaye ukiufikia huusimamia kwa nyuzi 90, kama kichochoro kinavyokutana na barabara. Kinachouelekeza ni mvutano: karibu na ufa wa kwanza, mvutano wa kuukatiza ufa umekwisha kulegea, umebaki ule unaokwenda sambamba nao, na mpasuko mpya huukatiza huo uliobaki. Ukitazama nyufa za aina hii unaona vipande vya pande nne, virefu na vifupi, bila mpango.

Lakini lowesha udongo ule, uuache ukauke tena. Nyufa zinarudi karibu na mahali pale pale, ila si kwa mpangilio uleule wa kuzaliwa. Iliyokuwa ya mwisho safari hii inaweza kutangulia. Makutano yanasogea kidogo, ufa ulionyooka unapinda. Rudia tena na tena, na zile kona za nyuzi 90 zinafunguka kuelekea 120, na vipande vinaanza kupata pande sita. Nguzo za mawe za Giant's Causeway huko Ireland ya Kaskazini, kama 40,000 hivi, zimepata umbo lake kwa njia iliyo karibu na hii. Lava ilipopoa ilipasuka juu kwanza, kisha nyufa zikashuka hatua kwa hatua, na kila hatua zikajirekebisha.

Ninachotaka ni kuchonga mwendo wenyewe. Kila beseni linapokauka nalaza karatasi ya plastiki inayoonyesha juu yake na kunakili nyufa zote kwa kalamu. Kila karatasi itakuwa ubao mmoja wa mti uliokatwa kwa kufuata nyufa hizo, na mbao zitapangwa moja juu ya nyingine, mzunguko wa kwanza chini, wa mwisho juu, ili mtu apitishe kidole kwenye ukuta wa kipande kimoja na kuuhisi ukisogea kutoka mraba kwenda pembesita.

Nimefika mzunguko wa kumi na moja. Kona ya kushoto, karibu na ukingo wa beseni, kuna makutano ambayo kwa mizunguko minane yalikataa kuondoka kwenye nyuzi 90. Jana jioni nilipolaza karatasi nilikuta mguu wake mmoja umepinda, kidogo sana, upana wa ncha ya kalamu. Nimeinakili. Leo asubuhi nimemwagia maji tena, nikafungua dirisha.